Chama cha Nyumbani

Nilikuwa na miaka tisa nilipojua kwamba nyumba yetu ina chama, na aliyenifundisha hakufungua mdomo. Ilikuwa Ramadhani ya mwanzo wa 1996, katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, Unguja. Miaka yote kabla ya hapo, jua likikaribia kuzama, sahani zilikuwa zikipita kichochoroni. Kwetu zinatoka tambi, kwa jirani wa mkabala zinakuja kaimati, na kwa kuwa sahani ya mtu hairudishwi tupu, mwezi ulikwisha bila kujulikana nani alianza na nani anamdai mwenzake. Ramadhani ile hazikupita. Nilisimama mlangoni nikisubiri mama anipe ya kupeleka, nikamwona anafunika bakuli kwa kawa na kuliweka juu ya jokofu. Nikauliza. Bibi akanitazama, na mtazamo ule ndio ukawa jibu. Kabatini kulikuwa na sahani ya jirani, nyeupe ya udongo yenye maua ya buluu, iliyoingia kwetu na mkate wa kumimina wiki moja kabla ya kura za Oktoba. Ilikuwa imeoshwa, imefutwa, haina pa kwenda.

Uchaguzi huo wa kwanza baada ya kurudi kwa vyama vingi ulifanyika tarehe 22 Oktoba 1995. Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa 49.8. Majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF. Mtoto wa miaka tisa hana habari na asilimia. Nilichojua mimi ni kwamba kaimati za mkabala zilikuwa tamu kuliko za kwetu na sasa hazipo, na kwamba wale watu wametukosea jambo kubwa hata halisemeki. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma ilani na katiba na kujiona mtu wa hoja, hoja za upande ule zilikuwa bado zikinifikia zimeshaingia doa. Nilizisikiliza kama unavyomsikiliza mtu uliyekwisha kuambiwa ni mwongo.

Swali la wapi mtu hupata siasa zake hujibiwa haraka mno. Mitaani tunasema kazinyonya ziwani, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Wasomi wanasema malezi. Wanasiasa wenyewe wakihojiwa husema walisoma, wakatafakari, wakaamua. Nionavyo, wote wanachanganya vitu viwili: maoni na upande. Maoni ni yale ambayo mtu anaweza kuyatetea mezani, kodi iwe kiasi gani, Muungano uwe wa serikali mbili au tatu. Upande huja kabla ya hapo. Ni nani wetu, nani si wetu, na nani akishika nchi tutalala macho wazi. Kwenye maoni nyumba haina nguvu nyingi kama tunavyodhani. Kwenye upande ina nguvu ya kutisha, na Zanzibar imelionyesha hilo kwa gharama kubwa kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Vyama vilipoanza, pande zenyewe zilikuwa bado zinafinyangwa. Zanzibar National Party, iliyojulikana kwa jina la Hizbu, iliundwa 1955. Afro-Shirazi Party, Afro kwa mkato, ilizaliwa 1957, mwaka wa uchaguzi wa kwanza. Mwishoni mwa 1959 Mohamed Shamte na wenzake walijitenga na Afro wakaunda ZPPP, chama kilichopata nguvu zaidi Pemba. Miaka michache tu ilitosha siasa kuingia mpaka jikoni. Wafuasi wa Afro walisusa maduka ya watu wa Hizbu na kufungua ya kwao. Wenye mashamba wa Hizbu wakawafukuza maskwota waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao. Watu walikataa kupanda basi la mtu wa chama kingine, wakafika hadi kukataa kuzikana. Gazeti nalo lilikuwa na upande, Mwongozi kwa hawa, Afrika Kwetu kwa wale, likisomwa kwa sauti barazani ili wasiojua kusoma nao wapate. Mtoto aliyekaa chini akichezea kokoto wakati baba anasoma hakuwa anajifunza katiba. Alikuwa anajifunza ni jina la nani likitajwa sauti ya baba inakuwa nzito.

Kisha ikaja damu. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatana na ghasia zilizoua watu 68, wengi wao wa asili ya Kiarabu. Julai 1963 Afro walipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na Hizbu pamoja na ZPPP wakaunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Tangu siku hiyo familia mbili za mtaa mmoja zikawa na tarehe moja yenye maana mbili. Kwa moja, hiyo ni siku mnyonge alipopata pa kusimama: ardhi ikataifishwa, familia zikagaiwa eka tatu tatu, watoto ambao wasingeota kuingia sekondari wakaingia. Kwa nyingine, ni siku ambayo babu hakurudi, au alirudi akiwa mtu mwingine. Pemba, ambako mapinduzi yenyewe hayakupiganwa, wazee huuita wakati uliofuata siku za bakora. Vitabu vya shule vilisimulia tarehe ile kwa maana moja tu. Maana ya pili ilibaki chumbani, ikisimuliwa usiku kwa sauti ya chini, na masimulizi ya sauti ya chini hayasahauliki kirahisi.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Atasema mtoto anafanana na baba kwa sababu wana maslahi mamoja. Aliyerithi eka tatu ana sababu yake ya kukiogopa chama anachoambiwa kitarudisha mashamba kwa wenyewe, na ambaye babu yake alinyang'anywa shamba ana sababu yake ya kukitaka. Hilo ni kweli, nami siwezi kulipuuza. Kampeni nyingi za Unguja zimeendeshwa kwa hofu hiyo hasa, kwamba Sultani atarudi. Lakini maslahi hayamalizi maelezo. Wapo watoto wa Kizanzibari waliozaliwa Muscat na Dubai, hawana mkarafuu wala mgogoro wa mpaka wa shamba, wanaosimulia Januari 1964 kama walikuwapo. Picha za siku hizo zilizopigwa kutoka angani na Waitaliano wa filamu ya Africa Addio ya 1966 hupita katika simu zao kila Januari inapofika. Na wapo vijana wa Unguja wasiomiliki hata tuta la muhogo, eka ya babu iliuzwa zamani, ambao neno Hizbu likitamkwa tu mbele yao wanakunja uso. Mali imekwisha mikononi mwa wote wawili. Hofu iko palepale.

Tuangalie ushahidi mwingine ambao kwangu ni mzito zaidi. Kuanzia 1964 hadi 1992 palikuwa na chama kimoja tu, kwanza Afro peke yake, kisha CCM baada ya Afro kuungana na TANU ya Bara tarehe 5 Februari 1977. Miaka 28. Kama siasa ingekuwa maoni tu, muda huo ungetosha kuizika Hizbu na kila iliyokuwa nayo. Vyama viliporuhusiwa tena, ramani ya kura za 1995 ilifanana kwa kiasi cha kushangaza na ile ya 1963, na wapiga kura wengi walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wanatambaa, ramani ya kwanza ilipochorwa. Nani aliihifadhi? Ofisi hazikuwapo, magazeti hayakuwapo, mikutano haikuwapo. Ilihifadhiwa na bibi.

Na angalia jambo hili: Maalim Seif, aliyeipokea Pemba nzima mkononi mwake, hakutoka katika uongozi wa vyama vya zamani. Alilelewa na CCM yenyewe, akawa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi 1988, ndipo akafukuzwa. Familia zilizomfuata hazikurithi jina la chama. Zilirithi upande, na upande ukamtafuta mtu. Hilo lilijidhihirisha wazi zaidi Machi 2019 alipoiacha CUF na kuhamia ACT-Wazalendo. Kauli iliyosikika ilikuwa shusha tanga, pandisha tanga. Ofisi zilipakwa rangi mpya usiku kucha, bendera zikabadilishwa, na watu walioapa kwa CUF kwa zaidi ya robo karne wakaamka wakiwa na kadi nyingine. Ukitaka kujua kama mtu anaipenda jahazi au anapenda aliko abiria mwenzake, mbadilishie jahazi.

Watafiti wa Marekani walilifikia jambo linalofanana na hili kwa njia ya madodoso. Mwaka 1965 Kent Jennings na Richard Niemi waliwahoji wanafunzi 1,669 wa mwaka wa mwisho wa sekondari pamoja na wazazi wao, kisha wanafunzi haohao wakafuatiliwa mara tatu, hadi 1997, walipokuwa nao ni watu wazima wenye watoto. Waligundua kwamba utii kwa chama, Republican au Democrat, unapita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto kwa nguvu kuliko msimamo juu ya mambo mengi mahususi, na unapita vizuri zaidi pale wazazi wenyewe wanapokubaliana na kuzungumza siasa mara kwa mara. Mwaka 2005 John Alford, Carolyn Funk na John Hibbing wakaja na jingine kwa kulinganisha pacha wanaofanana kabisa na pacha wa kawaida: mwelekeo wa jumla wa mtu, kama kupenda mabadiliko au kuyaogopa, kwa sehemu unaonekana kutoka katika damu, lakini chama chenyewe kinatokana zaidi na mazingira. Sehemu ya damu bado wanaibishania, na mimi sioni haja ya kuishikilia. Pacha wanaofanana huvalishwa sare, huitwa kwa jina moja, hutendewa kama mtu mmoja, kwa hiyo kusema kufanana kwao kote ni damu kunahitaji ujasiri.

Utafiti ninaoupenda ni wa Elias Dinas, wa 2014. Alionyesha kwamba watoto wa nyumba zinazozungumza siasa sana ndio wanaochukua chama cha wazazi mapema, na ndio hao hao wenye uwezekano mkubwa wa kukiacha baadaye. Mtu angetarajia kinyume. Ila ukifikiri kidogo unaona. Nyumba ya namna hiyo humpa mtoto chama, na papo hapo humpa hamu ya kufuatilia siasa. Hamu ikimtoa nje, akakutana na wengine wenye hamu kama yake, chama kinaweza kudondoka njiani na hamu ikabaki.

Hapa ndipo watoto wa familia zetu maarufu wanapoingia. Charles Makongoro Nyerere, mtoto wa Mwalimu, alishinda ubunge wa Arusha Mjini mwaka 1995 kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, mwaka uleule baba yake alipozunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Baadaye alirudi CCM. Mansoor Yusuf Himid, mtoto wa mmoja wa wanamapinduzi wa 1964, alikuwa mwakilishi wa CCM wa Kiembesamaki na waziri, akafukuzwa chamani 2013 kwa msimamo wake juu ya Muungano, akaishia upinzani. Fatma Karume ni mjukuu wa Rais wa kwanza wa Zanzibar na binti wa Rais mstaafu Amani Karume, na alipokuwa Rais wa Chama cha Wanasheria Tanganyika aliikosoa serikali ya CCM hadharani kuliko wapinzani wengi. Nyumba za watu hawa zilizungumza siasa asubuhi, mchana na jioni. Isitoshe, aliyekulia ndani ya mamlaka hana ile hofu ya mamlaka aliyolelewa nayo mtoto wa kichochoroni. Anamjua waziri kama mtu aliyekuja kula wali kwao. Kumpinga hakumtishi sana.

Nisieleweke vibaya. Kwa kila Makongoro kuna orodha ndefu ya watoto wa viongozi waliokaa palepale na kupanda ngazi ileile, na magazeti yetu hupenda kuwahesabu. Sidhani orodha hiyo inatusaidia katika swali hili. Kurithi mlango wa kuingilia Bungeni na kurithi upande ni mambo mawili, na la kwanza lina mengi zaidi ya kufanya na majina, fedha na wajumbe wa kura za maoni kuliko na malezi.

Kasoro kubwa ninayoiona katika tafiti za Marekani ni kwamba nyumba wanayoipima ni baba, mama na mtoto mezani. Nyumba ya huku haina mipaka hiyo. Ina shangazi anayekuja Ijumaa, mwalimu wa chuo cha Kurani anayejua baba yako anaswali msikiti gani, na baraza la nje ambalo ni nusu sebule na nusu bunge. Zanzibar ina maskani pia, vijiwe vya vyama. Kisonge ya Michenzani ilijulikana kwa ubao wake wa chaki na kejeli kwa wapinzani, na Jaws Corner ya Mji Mkongwe kwa buli lake la kahawa na vijana wa CUF. Mtoto anayetumwa sukari anapita hapo mara tatu kwa siku. Kinachosemwa nyumbani kikithibitishwa barazani, kikapigiwa muhuri msikitini na kuandikwa ubaoni, kwake huo si msimamo tena, ni jinsi dunia ilivyo. Hapo ndipo nyumba hupata nguvu yake halisi. Nyumba ya upande mmoja katika mtaa wa upande mwingine hulea watoto wa aina mbili tu niliowahi kuwaona, wakali kupita baba yao, au wanaotabasamu na kila mtu na hawasemi lolote.

Serikali nayo ni sehemu ya malezi, ingawa haijioni hivyo. Kijana wa miaka 18 anakwenda kwa sheha wa eneo lake kutafuta barua ya kumwezesha kupata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho asipokuwa nacho haandikishwi kupiga kura. Anaambiwa arudi kesho. Anarudi kesho, anaambiwa Jumatatu. Jumatatu anaulizwa, wewe mtoto wa nani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua, na kijana akitoka pale amethibitishiwa yote aliyoyasikia kwa bibi yake, hata kama alikwenda bila kuyaamini. Malalamiko ya namna hii yamerudi uchaguzi baada ya uchaguzi. Januari 2001, polisi walipofyatulia risasi waandamanaji wa CUF, watu waliuawa na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Mtoto aliyepandishwa mashua usiku ule hahitaji kufundishwa historia na mtu.

Kuna nyumba nyingine ambazo mjadala huu huzisahau, zile zinazosema hapa hatutaki siasa. Watu huzihesabu kuwa hazina upande. Mimi nadhani ndizo zilizofundisha somo kali kuliko zote. Mtoto anaambiwa, yanayosemwa humu yasitoke nje, hata kama hakusemwa kitu. Anajifunza kupunguza sauti ya redio saa ya taarifa ya habari ya Kiswahili kutoka London au Ujerumani. Anajifunza kumjibu mgeni kwamba hali ni shwari. Akikua, dodoso linamkuta na kumwandika kuwa hana hamu na siasa, kumbe hamu anayo, amefundishwa tu mahali pa kuificha. Wanawake wengi wamelelewa hivi mara mbili, kwa baba na tena kwa mume. Baada ya uchaguzi wa 2015 mashirika ya wanawake Zanzibar yaliripoti wake walioachwa kwa sababu walipiga kura kinyume cha matakwa ya waume zao. Unapomuuliza mwanamke huyo maoni yake ya kisiasa, unamuuliza pia kama yuko tayari kurudi kwao na mabegi.

Bara walijaribu kitu tofauti kabisa. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya ujamaa mwaka 1962, alianzia nyumbani. Neno lenyewe ni la kindugu, na dai lake lilikuwa kwamba udugu wa familia pana unaweza kupanuliwa ukafika taifa zima. Kilichofuata, ukikitazama kwa jicho la mada hii, ni dola iliyojipa kazi ya mzazi. Balozi wa nyumba kumi alijua nani kalala wapi. Shule ilikuwa na mchakamchaka, shamba na wimbo. Watoto wa mikoa mbalimbali walichanganywa katika shule za bweni, kisha Jeshi la Kujenga Taifa likawapokea. Mtoto wa Kihaya aliyekwenda kusoma Songea alirudi likizo akiwa na nusu ya nyumba nyingine ndani yake. Kwa kiasi kikubwa walifanikiwa. Siasa za kabila hazikupata mzizi Bara kama zilivyopata kwa majirani, na sidhani ni bahati. Lakini mzazi huyo alikuwa na chama kimoja, kwa hiyo alilea watoto ambao kwao kukipinga chama kulifanana na utovu wa adabu. Mpaka leo tunamwita kiongozi Baba, Mzee, Mama, na anayemkosoa huambiwa hana heshima kabla hajaambiwa amekosea. Mwanasayansi wa siasa Michael Schatzberg aliandika kitabu kizima juu ya lugha hii ya baba, familia na chakula katika siasa za Afrika ya kati. Ukishamwita mtawala baba, kumdai hesabu za fedha kunakuwa kama kupekua mifuko ya kanzu yake.

Kenya ndiyo iliyonifanya nisite kusema kwamba wakubwa wakipatana basi watoto watapatana. Jaramogi Oginga Odinga alivunja na Jomo Kenyatta mwaka 1966 na kuunda KPU. Oktoba 1969 ziara ya Kenyatta Kisumu iliishia kwa watu kupigwa risasi, chama kikapigwa marufuku, Jaramogi akatiwa kizuizini. Mwaka huohuo nyumba nyingi za Wakikuyu zilikuwa zimekula kiapo cha kutoachia utawala. Watoto wa wazee hao wawili, Uhuru na Raila, walikabiliana kwenye kura 2013 na 2017, kisha tarehe 9 Machi 2018 wakapeana mikono. Mwaka 2022 Uhuru alimpigia Raila kampeni waziwazi. Mlima Kenya, kwao Uhuru, haukumfuata. Wengi wao walimchagua William Ruto. Uchumi ulichangia, na Ruto alikuwa amelima eneo lile kwa miaka. Lakini ni vigumu kutoona jambo la pili. Kwa miaka 50 na zaidi nyumba zilifundishwa kumwogopa Odinga, na mtoto wa yule aliyefaidika na hofu hiyo alipokuja kusema sasa msiogope, hakuwa na uwezo wa kuitoa. Hofu ilikuwa imeshabadilisha mwenyewe.

Miaka miwili baadaye watoto wa nyumba hizo walifanya ambalo wazee hawakuliweza. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, wakijitambulisha kuwa hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na tarehe 25 wakafika hadi ndani ya Bunge. Baraza lao lilikuwa simuni. Hilo ndilo jipya, kwa sababu tangu enzi za Mwongozi na Afrika Kwetu baraza lilikuwa mlangoni pa nyumba na mzazi alilisikia. Sasa mtoto amelala chumba cha pili na yuko baraza lingine kabisa. Sijui kama umoja ule utavuka uchaguzi, na nina mashaka kidogo. Kupinga kodi ni maoni, na maoni huunganisha haraka. Siku ya kura karatasi ina majina ya watu, na majina yana koo.

Jambo moja bado halisemwi vya kutosha: malezi haya huenda pande zote mbili. Mwaka 2008 mchumi Ebonya Washington alionyesha kwamba wabunge wa Marekani wenye mabinti wengi zaidi walielekea kupiga kura kwa namna inayotetea haki za wanawake, hasa za uzazi. Binti alikuwa anamlea baba. Nimeona hili kwa macho yangu kwa watu wazima wa Unguja waliolainika baada ya mtoto kuleta mchumba wa upande wa pili. Mzee anakataa, ananuna, anasema maiti yake haitapita mlango ule. Halafu mjukuu anazaliwa, ana pua ya mzee.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Ramadhani iliingia siku kumi na kitu baadaye. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Jioni moja mama alifungua kabati, akaitoa sahani ile ya maua ya buluu, akaisuuza vumbi, akaijaza tambi na kunikabidhi bila maelezo, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, ingawa sasa nilikuwa na ndevu. Nikavuka kichochoro nikabisha hodi. Alitoka binti wa nyumba ile, aliyekuwa hata hajazaliwa mwaka ule wa kura. Akapokea, akashukuru, akasema sahani yenu nitaileta kesho.

Nikamwambia hiyo ni ya kwenu.

Akaiinua juu kidogo, akaitazama chini yake, kisha akageuka kumwita mama yake.